Historia ya jamii ndogo za Dar es Salaam isiandikwe kwa mafungu matatu ya mkoloni

Ndugu Mhariri,

Magazeti yanapotoa kurasa za historia ya Dar es Salaam, hasa Desemba ikikaribia, msomaji hupewa mji wa mafungu matatu: Wazungu Uzunguni, Wahindi Uhindini, Waafrika Uswahilini. Mistari mitatu, na mji umekwisha kuelezwa. Sisi tunaofuatilia historia ya jamii ndogondogo za mji huu tunaomba nafasi tueleze kwa nini simulizi hiyo inapotosha, na namna ambavyo mwandishi wa habari, mwanafunzi, au mjukuu aliyerithi sanduku la karatasi za babu yake anavyoweza kuifanya kazi hii vizuri zaidi.

Mafungu hayo yaliandikwa na serikali, tena kwa ujanja. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi. Waingereza walizirithi, na mwaka 1924 wakathibitisha kanda tatu: ya kwanza nyumba za makazi za mtindo wa Kizungu, ya pili maduka na nyumba za biashara, ya tatu nyumba za miti, udongo na makuti. Kanuni ilitaja aina ya jengo tu, rangi ya mtu haikutajwa popote. Lakini nani alikuwa na fedha za kujenga jengo la kanda ya kwanza, na nani alipewa kibali? Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ya kanda ya pili na ya tatu. Ukisoma kanuni peke yake utadhani ubishi ulikuwa wa matofali na makuti tu. Weka ramani pembeni yake ndipo utaelewa.

Kutoka kwenye ramani mafungu yakaingia kwenye sahani, kwa kuwa mgao wa chakula wakati wa Vita ya Pili ya Dunia ulifuata rangi. Halafu yakaingia kwenye sanduku la kura. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU iliukubali utaratibu huo kwa shingo upande katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, kisha ikautumia kushinda. Kiti cha Mwasia hakikuuliza kama mgombea ni Bohora (Mwislamu wa Kishia), Lohana (Mhindu) au Kalasinga (Sikh), na waandishi wetu wameendelea kutouliza hadi leo.

Tuanze na Uhindini. Ndani ya neno "Wahindi" kuna Makhoja Ismailia, Makhoja Ithnaasheri, Mabohora, Wamemoni, Walohana, Wapateli, Wabhatia, Wajaini, Makalasinga na Magoa. Karibu kila jamii ilikuwa na nyumba yake ya ibada, utaratibu wake wa mazishi, kamati yake, na jambo lililo muhimu kuliko yote kwa mtafiti, daftari lake. Kwa hiyo sentensi kama "jumuiya ya Wahindi ilijenga hospitali" haina msaada. Hospitali ya Sewa Haji, ambayo jina lake limebaki katika jengo la wodi Muhimbili, ilitokana na fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Ismailia wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Karimjee Hall ilitoka kwa familia ya Karimjee Jivanjee, ambao ni Mabohora. Ni watu wa madhehebu mbili tofauti, wenye nyumba za ibada tofauti na kumbukumbu tofauti. Anayetafuta habari za mmoja katika daftari la mwenzake atapoteza mwezi mzima.

Fungu la "wenyeji" nalo linaficha mengi, na huko ndiko makosa yanakopita bila kusahihishwa, kwa sababu hakuna anayedhani kuna jamii ndogo upande ule. Kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, Mzizima ilikuwa kijiji cha Washomvi, na Wazaramo waliwazunguka. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri askari Wasudani huko Cairo na askari Washangaani kutoka Msumbiji, ambao Wajerumani waliwaita Wazulu, ili wapigane na Abushiri. Wengi hawakurudi kwao. Mmoja wa hao wa Msumbiji, Sykes Mbuwane, ndiye baba wa Kleist Sykes, katibu wa African Association iliyoanzishwa mwaka 1929. Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walikuwamo katika kuunda TANU mwaka 1954. Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo nao walikuwa na majumba mjini, na msikiti wa Manyema upo Kariakoo hadi leo. Watu hawa wote daftari la mkoloni liliwaandika kwa neno moja, na sisi tukalinakili.

Hapo hatujawagusa Washihiri, yaani Waarabu wa Hadhramaut, wenye maduka ya rejareja, Wabaluchi waliokuja na majeshi ya sultani, Wangazija, Wasomali, wala Wagiriki waliokuja kama makandarasi wa reli ya kati kati ya 1905 na 1914. Hao Wagiriki wanawekwa katika fungu la Wazungu, ilhali Wajerumani na Waingereza hawakuwahesabu kuwa wenzao sawasawa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mtu huanza na sensa, na hapo ndipo anapojikwaa mara ya kwanza. Mwaka 1957 zilifanyika hesabu mbili: ya wasio Waafrika mwezi Februari, na ya Waafrika mwezi Agosti. Mwaka 1948 ilikuwa vilevile. Ukijumlisha namba za vitabu viwili ukaziita idadi ya watu wa mji "siku ile", umejumlisha miezi miwili tofauti. Katika hesabu ya wasio Waafrika, Magoa walihesabiwa mbali na Wahindi, kwa hiyo ukilinganisha na hesabu nyingine iliyowachanganya utadhani watu wamehama, kumbe ni safu ya jedwali iliyobadilika. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na asili. Kuanzia hapo sensa haikusaidii tena, na anayekuletea asilimia ya Wabaluchi au Wamanyema wa Dar es Salaam kutoka sensa ya karibuni amezitunga.

Majina ndiyo mtego mkubwa kuliko wote. Katika jamii nyingi za Kigujarati jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu au la ukoo. Karimjee Jivanjee maana yake ni Karimjee mwana wa Jivanjee. Ndugu wawili wanaweza kuwa na jina la mwisho tofauti katika leseni za biashara, na baba na mwana hawafanani kabisa. Kwa hiyo usitafute jina la mwisho peke yake. Andaa mti wa vizazi vitatu kwanza, kisha utafute kila jina la mti huo. Halafu kuna tahajia. Katika majalada ya Kijerumani sauti ya j iliandikwa dsch na sh ikaandikwa sch, hivyo Haji ni Hadschi. Mwingereza akija baadaye anaandika Hajee, Hadji au Haji kwa kadiri ya karani wa siku hiyo, na Jivanjee huyohuyo anakuwa Jeevanjee. Kabla ya kuingia kwenye Nyaraka za Taifa pale Upanga, andika kwenye karatasi kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa. Ukipata chini ya namna nne, hujafikiri vya kutosha.

Magoa wana mtego wao. Majina ni de Souza, Fernandes, Pereira, na hadi Desemba 1961, India ilipoichukua Goa siku chache tu baada ya uhuru wetu, walikuwa raia wa Ureno. Karani mmoja atakuwa amewaweka na Wareno, mwingine na Wahindi, wa tatu peke yao. Tafuta sehemu zote tatu, na usisahau vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia, kwa kuwa ni Wakatoliki. Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, ni mahali pa kuanzia.

Wanawake karibu hawaonekani katika karatasi za serikali. Leseni, hati na kesi ni za wanaume. Mama Mzaramo aliyeolewa na Mshihiri au Mbaluchi hupotea kabisa, kwani mtoto alihesabiwa kwa baba. Daftari la ndoa la msikiti au la jamaati, pamoja na kumbukumbu za wajukuu, ndiko atakakopatikana.

Miaka iliyochongwa kwenye majengo na makaburi nayo inahitaji uangalifu. Tumeona majengo ya kabla ya vita yakiandikwa kuwa ya miaka ya 1980. Sababu ni kalenda. Maandishi ya Kigujarati kwenye majengo ya Wahindu na Wajaini yanaweza kutumia mwaka wa Vikram Samvat, ambao kwa Wagujarati huanza Diwali, Oktoba au Novemba. Kuanzia Diwali hadi mwisho wa Desemba unatoa 57. Kuanzia Januari hadi Diwali inayofuata unatoa 56. Samvat 1985 basi ilianza mwishoni mwa 1928 na kuishia 1929. Kama hakuna mwezi, andika miaka yote miwili, usichague mmoja. Tarakimu zenyewe pia hudanganya: moja ya Kigujarati inafanana na tisa yetu, na nne yake inafanana na nane iliyofunguka juu. Kwenye tarakimu za Kiarabu, tano ni kama sifuri, sita ni kama saba, na sifuri ni nukta ambayo mvua na rangi za chokaa huifuta.

Kwa mwaka wa Hijria, gawanya mwaka kwa 33, toa jibu kutoka kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Kwa 1350 unapata 41, inabaki 1309, ukiongeza 622 ni 1931. Hesabu hii inaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa hiyo tarehe kamili itafutwe kwenye jedwali. Mabohora hufuata kalenda ya hesabu wala hawasubiri mwezi kuandama, kwa hiyo tarehe yao inaweza kutofautiana kwa siku moja au mbili na ya msikiti wa jirani. Hilo si kosa la mchongaji.

Tena, herufi za Kiarabu si lazima ziwe lugha ya Kiarabu. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ina Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi hizo. Mabohora huandika kwa herufi za Kiarabu lugha yao yenye asili ya Kigujarati, Lisan ud-Dawat. Ukimpelekea mwalimu wa madrasa picha ya kibao akakuambia "herufi nazisoma lakini maneno siyaelewi", usimlaumu. Mtafute Bohora mzee.

Kwenye kaburi, usisugue kwa brashi ya waya wala usipake chaki. Jiwe la matumbawe na chokaa hupoteza uso wake kwa kusuguliwa mara moja tu. Nyunyiza maji safi kidogo, subiri, upige picha asubuhi au jioni jua linapolala, maana kivuli cha ubavuni huinua herufi ambazo saa sita hazionekani. Omba ruhusa kwa kamati ya makaburi kabla ya kufungua lango. Na kaburi likikosekana, usiseme halikuwepo: makaburi ya vita yaliyopo sasa barabara ya Bagamoyo yalihamishiwa pale mwaka 1968 kupisha barabara.

Viwanja vina historia ya karatasi inayochanganya hata mawakili. Kiwanja kimoja kinaweza kuwa na hati ya umiliki wa kudumu ya enzi za Wajerumani. Ikageuzwa kuwa ya kupanga kutoka serikalini kwa sheria ya 1963. Kisha ikawa haki ya kumiliki ardhi mwaka 1969. Ni kiwanja kilekile, familia ileile, na majalada matatu ambayo hayatajani. Juu ya hayo kuna sheria ya Aprili 1971 iliyotaifisha majengo yaliyopangishwa yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, bila fidia kwa yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Majengo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Majalada ya wakati huo ni hazina, ila kosa la kawaida ni kumchukua mmiliki wa 1971 na kumwita mjenzi. Jengo la 1930 lilikuwa limeshauzwa pengine mara mbili. Jina lililo juu ya paji la jengo na jina la kwenye jalada yakipishana, yaandike yote mawili na usilazimishe yafanane.

Uraia nao hueleza kwa nini familia nyingi zimegawanyika. Kwa sheria ya 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa mzazi wake mmoja angalau naye alizaliwa hapa. Mtoto wa Dar es Salaam ambaye wazazi wake wote walizaliwa Kutch huko India au Hadhramaut huko Yemen hakuwamo; alipewa miaka miwili, hadi Desemba 1963, kujiandikisha. Ndani ya nyumba moja binamu mmoja akawa raia bila kufanya lolote na mwingine akabaki na pasi ya Uingereza kwa kuchelewa. Kuandika kwamba "walikataa uraia" bila kuangalia nani alizaliwa wapi ni kuwasingizia watu.

Jengo lenyewe pia ni ushahidi, kama unajua pa kuangalia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita, na vyumba vyembamba visivyozidi mita tatu hivi kwa upana, huonyesha dari ya boriti za mikoko, kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka zaidi ya hapo. Chumba kipana katika jengo linalodaiwa kuwa la zamani kinakuambia kuna zege, na zege lina tarehe yake. Kwenye nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo yenye vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, uani nyuma na baraza mbele, uliza nani alikaa chumba kipi na alimlipa nani kodi. Mara nyingi utakuta Mmanyema mwenye nyumba, mpangaji Mluguru, na Mshihiri mwenye duka la mbele, wote chini ya bati moja. Hapo ndipo mafungu matatu yanapovunjika bila kuhubiriwa. Na hata majina ya mitaa ya Kariakoo yanasomeka: Mahiwa, Narung'ombe na Tandamti ni mahali palipopiganwa vita mwaka 1917.

Kuhusu mahojiano, tuna neno moja tu la kusisitiza. Usianze na "nyinyi mlitoka wapi?" Mzee wa Kimanyema, wa Kibaluchi au wa Kisomali akisikia swali hilo anamwona ofisa uhamiaji mlangoni, na mazungumzo yamekwisha kabla hayajaanza. Anza na nyumba: choreni pamoja ramani ya vyumba, ya uani, ya kisima. Asili itakuja yenyewe akiwataja waliolala vyumba vile. Picha za albamu usiondoke nazo. Zipige palepale, mbele na nyuma, kwa sababu mhuri wa studio na tarehe viko nyuma. Rekodi arudishiwe nakala. Majina ya walio hai na anwani zao yasichapishwe bila idhini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo adabu ingetosha.

Tunaharakisha kwa sababu moja ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ujenzi wa Sultani Majid ulishika kasi baada ya hapo. Boma la Kale lenyewe ni la 1866 hadi 1867. Maana yake ni kwamba karibu hakuna jengo la katikati ya mji linalolindwa bila Waziri kulitangaza moja moja, na wakati tangazo linasubiriwa, mabati ya kandarasi yameshazunguka.

Ndugu Mhariri, tunaomba mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wa gazeti lako. Kwanza, picha ya jengo la zamani isipewe maelezo ya "nyumba ya Mhindi" au "nyumba ya Mwarabu". Itajwe familia au jamii ikijulikana, na isipojulikana itajwe mtaa na namba ya kiwanja, kisha wasomaji waombwe kukamilisha. Pili, kila mnapopata habari kwamba jengo linabomolewa, mpigapicha atumwe siku hiyohiyo, si baada ya kifusi kuondolewa. Picha tano zinatosha: uso wa mbele wote, maandishi ya kwenye paji kwa karibu, ngazi, dari ya chumba kimoja kutoka chini, na uani. Nakala ya picha hizo, ikiwa na tarehe, mtaa na namba ya kiwanja nyuma yake, ipelekwe Nyaraka za Taifa.

Wasomaji wako,
Upanga na Kariakoo, Dar es Salaam